Ushuru unapokewa asubuhi, mwenye mzigo anakamatwa usiku

Siku hizi kuvuka mpaka ni rahisi kuliko kulala mjini. Mwenye magunia mawili ya dagaa au maharage anayepita Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo anahudumiwa kwenye kituo kimoja badala ya viwili. Mzigo wake ukiwa hauzidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa zenyewe zimezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, anajaziwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Itifaki ya Soko la Pamoja inatumika tangu Julai 2010, na Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Hayo yamepiganiwa kwa miaka mingi na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayeyabeza.

Lakini itifaki inamfikisha mtu stendi tu. Akishashuka kwenye basi anakuwa mikononi mwa halmashauri ya jiji, na halmashauri ina sheria zake ndogo. Asubuhi saa kumi na mbili, mkusanya ushuru akipita na mashine yake ya risiti, yule mwenye magunia ni "mteja wetu". Usiku wa jana yake, saa saba, akiwa amekaa juu ya magunia hayohayo kwa sababu basi lilifika soko likiwa limefungwa, alikuwa mzururaji. Anayemwita hivyo hubadilika jina kwa mji: mgambo, askari wa kanjo, DASSO, au watu wa KCCA. Neno halibadiliki sana, wala bei ya kuachiwa.

Nasema "mwenye magunia" kwa kuwa ndiye msomaji wa ukurasa huu. Ila pale stendi hayupo peke yake. Kijana aliyemshushia mzigo halali mbali na hapo, na mara nyingi halali ndani. Mama anayeuza chai ya tangawizi saa tisa usiku ana watoto wawili wamelala nyuma ya jiko kwenye maboksi. Bila hawa, biashara ya mpakani ingesimama siku ya kwanza: wao ndio makuli wetu, walinzi wetu wa usiku, watu wa kutuonyesha gari gani linaondoka kweli na lipi linapiga debe tu. Gari la mgambo likija halina muda wa kuuliza nani ana nyumba Bukoba au Kisumu na nani hana nyumba popote. Linabeba wote. Kwa hiyo swala la jinsi miji yetu inavyowatendea wasio na makazi linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu kila safari tunalala kando yao na tunashtakiwa kwa sheria ileile.

Sheria yenyewe ina historia ya ajabu kidogo. Ilitoka Uingereza, ilikotungwa mwaka 1824 baada ya vita vya Napoleon, barabara za huko zikiwa zimejaa askari waliorudi bila kazi na maskini wa vijijini waliokwenda mijini. Wakoloni waliileta kwetu kuwazuia Waafrika wasiingie mjini bila kuitwa. Uhuru ulipokuja, watawala walibadilika na vifungu vikabaki. Tanzania ilivirithi katika vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, kisha mwaka 1983 ikaongeza Sheria ya Nguvukazi. Wazee wa Dar es Salaam bado wanakumbuka watu walivyozolewa mitaani na kupelekwa vijijini wakalime. Uganda ilikuwa na vifungu vyake, Malawi vyake. Bunge la Uingereza lenyewe lilipitisha mwaka 2022 uamuzi wa kuifuta sheria mama.

Aliyeitikisa upande wetu wa dunia ni mchuuzi. Machi 2015, alfajiri, Mayeso Gwanda alikuwa anatembea kwenda soko la Limbe, Blantyre, kuuza mifuko ya plastiki, kazi aliyokuwa akiifanya siku zote. Polisi walimkamata njiani na kumshtaki kwa uzururaji. Hakukubali yaishe kimyakimya. Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikasema kifungu kilichotumika kumkamata kinapingana na katiba, kwa kuwa kinamwadhibu mtu kwa hali yake ya umaskini wakati hakuna tendo baya alilolifanya. Mtu anayeamka saa kumi kuwahi soko ndiye aliyeiondoa sheria ya "wavivu" katika vitabu vya nchi yake.

Miaka mitatu baadaye jambo likafika Arusha. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya ushauri yaliyoombwa na Chama cha Wanasheria wa Afrika nzima. Ilisema wazi kwamba sheria za uzururaji, pamoja na sheria ndogo za miji zenye sura hiyo, hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu: zinabagua maskini, zinavunja utu, zinamnyima mtu uhuru wa kutembea na haki ya kuhesabiwa hana hatia. Nchi zikatakiwa kuzipitia upya, kuzirekebisha au kuzifuta. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikabatilisha vifungu vyake viwili vya aina hiyo.

Sasa, tusidanganyane. Maoni ya ushauri hayafungui pingu. Tanzania na Rwanda zilikwisha kuondoa ruhusa ya raia mmoja mmoja kwenda kwenye mahakama hiyo, Rwanda mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2019. Kenya na Uganda hazikuwahi kuitoa. Mlango ulio wazi zaidi kwa mfanyabiashara uko Arusha vilevile, kwenye jengo jingine: Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki inapokea shauri la mkazi yeyote wa nchi mwanachama, wala haimlazimishi kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Ina sharti moja gumu. Shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tendo linalolalamikiwa lifanyike au mlalamikaji alipolijua. Vyama vyetu vya mpakani vingi havijui kwamba kuna hesabu ya miezi miwili. Vinapomaliza kukusanya michango ya wakili, muda umekwisha kupita.

Pamoja na hukumu zote hizo, miji imeendelea na mtindo wake wa operesheni. Februari 2019, vijana na watoto wa mitaani wa Nakuru walipakiwa kwenye gari usiku na kwenda kutupwa katika msitu wa Chemususu, Baringo, kwenye baridi. Na huo ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Kenya kufanya jambo zuri ambalo nchi nyingine za kanda zingeiga: ilihesabu watu wake wa mitaani. Hesabu ya 2018 ilipata watu 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Nchi ina mfuko wa kitaifa wa kuwarekebisha na kuwarudisha watu hao tangu 2003. Hesabu ipo, mfuko upo, na bado kaunti moja ikaona njia ya kupendezesha mji ni msitu.

Kigali kuna kituo cha Gikondo, ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la Kwa Kabuga. Serikali inakiita cha mpito na marekebisho. Ripoti za Human Rights Watch za 2006, 2015 na 2020 zilieleza kwamba wachuuzi, watoto wa mitaani na wengine wasio na makazi waliwekwa humo bila kushtakiwa na kupigwa. Serikali ilizikana. Ni haki kuongeza kwamba Kigali hiyohiyo ilijenga masoko madogo kwa ajili ya wachuuzi waliokuwa wakitembeza bidhaa, hatua ambayo miji mingi mikubwa kuliko huo haijaifikia. Kampala kwa upande wake ilipitisha mwaka 2019 sheria ndogo inayomwadhibu anayempa mtoto wa mtaani pesa au chakula barabarani. Wengi wa watoto hao wanatoka Napak, Karamoja, wanarudishwa kwa mabasi, na wanarudi tena, maana njaa iliyowatoa haijahama.

Hapa najua kuna msomaji amekunja uso. Anasema: wewe hujaibiwa. Aliyepoteza simu, kitita cha fedha za mauzo au nusu gunia la mchele pale stendi hana hamu ya kusikia habari za utu wa chokoraa. Hoja hiyo ina uzito, na wanaotetea watu wa mitaani hukosea wanapoikwepa. Wizi wa stendi unaua mitaji midogo kuliko ushuru unavyoua. Tunaojiunga na kelele za "waondolewe wote" tujiulize tu kitu kimoja: operesheni ya mwisho ilipunguza wizi kwa wiki ngapi? Wizi una sheria yake na adhabu yake, na askari akitaka kumkamata mwizi anahitaji shahidi, ambaye mara nyingi ni kijana yuleyule alalaye pale na kuona kila kitu. Ukishambeba kijana huyo kwenye gari mara tatu bila kosa, usitarajie akwambie nani alichana gunia lako.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo kiini, na halizungumzwi. Nchi zetu zote zimeifunga haki ya mtu mjini kwenye barua. Tanzania ni barua ya serikali ya mtaa. Uganda ni barua ya LC1. Kenya utaambiwa nenda kwa chifu. Rwanda uanzie kwa kiongozi wa mudugudu. Barua hiyo ndiyo inayofungua kitambulisho, dhamana ya polisi, mkopo, kibanda sokoni, hata matibabu ya msamaha. Anayelala stendi hana mtaa, kwa hiyo hana mwenyekiti, kwa hiyo hana barua. Mfanyabiashara wa kutoka ng'ambo ya mpaka ana mwenyekiti, lakini yuko kilomita 300 kutoka hapo.

Tazama mkopo wa halmashauri za Tanzania. Sheria inataka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, ikarudi 2024. Ni sera nzuri, mojawapo ya chache zinazogawa mapato ya mji kwa kuangalia nani ameachwa nyuma. Asilimia hizo zinatokana na mapato ya ndani ya halmashauri, na ndani ya mapato hayo umo ushuru wa soko na wa stendi, ule unaolipwa na mama wa chai na mwenye magunia. Lakini kikundi lazima kisajiliwe, na wanachama watambuliwe na mtaa wanakoishi. Mama wa chai amechangia mfuko kila asubuhi, na fomu yake inakwama kwenye mstari wa kwanza: makazi.

Na ushiriki wa wananchi, neno ambalo wakubwa wanalipenda, umejengwa kwenye msingi huohuo. Mkutano mkuu wa mtaa Tanzania ni wa wakazi wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Rwanda, baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu hukaa kitako wakazungumza mambo ya kijiji chao. Kenya imekwenda mbali zaidi kwenye maandishi: katiba ya 2010 inalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake, na sheria ya fedha za umma ya 2012 imeunda jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti ambamo wafanyabiashara wana kiti. Nimesoma matangazo mengi ya vikao hivyo. Hufanyika saa nne asubuhi, siku ya kazi, kwenye ukumbi wa kata au wa kaunti. Saa nne asubuhi hakuna muuzaji hata mmoja aliye tayari kuacha meza. Kikao kikifanyika sokoni saa tisa alasiri, watu wakiwa wanafunga, kitajaa bila posho.

Ndiyo maana nasema miji iache kuuliza "unaishi wapi" kama sharti la kwanza. Iulize "unalipa nini hapa" na "unalala wapi leo". Risiti ya ushuru ya miezi mitatu mfululizo iwe kitambulisho cha kutosha cha kuingia kikao cha soko, kupiga kura ya kamati ya soko na kuomba kile kibanda. Kwa asiyelipa chochote kwa sababu hana chochote, barua itolewe na ofisi ya ustawi wa jamii ya jiji, au na kamati ya stendi anakolala, na iwe na nguvu sawa na ya mwenyekiti wa mtaa. Hilo halihitaji fedha za wafadhili. Ni waraka wa kurasa mbili kutoka kwa mkurugenzi.

Makazi ya usiku, hayo yanahitaji fedha, na hapo ndipo madiwani watakapotuambia kasma imekwisha. Tuwape hesabu. India, nchi ambayo haina utajiri wa kutisha kwa kila kichwa, Mahakama ya Juu yake ilisukuma miji iwe na nyumba ya kulala ya watu 100 kwa kila wakazi 100,000, wazi saa zote. Sijali kwamba miji mingi ya huko haijafika. Angalau wana kipimo cha kuwadai. Kwa kipimo hicho Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ingekuwa na nyumba 53. Nairobi, yenye watu 4,397,073 kwa sensa ya 2019, ingekuwa na 43, yaani nafasi 4,300 kwa watu wa mitaani 15,337 waliohesabiwa. Hazitoshi hata theluthi. Hata hivyo, tukianza na nyumba moja tu kwa kila stendi kubwa, yenye choo, maji, upande wa wanawake unaofungwa kwa ndani na stoo ya mizigo yenye mlinzi, mambo mengi yangebadilika. Mwenye uwezo wa kulipa alipie stoo kwa gunia, na fedha hiyo ilipe umeme wa asiye na kitu. Wafanyabiashara wengi tayari wanalipa kwa magendo: mlinzi wa stendi ana bei yake ya "kukuangalizia".

Kwamba jiji la Afrika linaweza kukaa chini na watu wa barabarani na kujenga kwa kuwasikiliza, mfano upo Durban. Eneo la Warwick, linalopitiwa na zaidi ya watu laki nne kwa siku, lilikuwa vurugu katikati ya miaka ya 1990. Wauza mitishamba walifanya kazi, na wengi wao kulala, kando ya barabara. Jiji liliunda timu ya kukaa palepale mtaani, ikafanya mikutano na vyama vya wauzaji, na badala ya kuwafukuza ikawajengea soko juu ya daraja la barabara ambalo lilikuwa halikumaliziwa. Daraja la bure kabisa, limesimama hewani! Sisi tuna mangapi ya namna hiyo? Baadaye, mwaka 2009, jiji hilohilo lilitaka kuvunja sehemu ya eneo kupisha jengo la maduka makubwa, na wauzaji waliweza kupinga kwa sababu vyama vyao vilikuwa vimezoea kukaa meza moja na jiji.

Kwa hiyo kazi ya vyama vyetu msimu huu iko wazi, na ina tarehe. Mwaka wa fedha wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda unaanza Julai 1. Kenya, makadirio ya kaunti yanatakiwa yawe yamefika bungeni kwao ifikapo Aprili 30. Kwingine rasimu hupikwa miezi hiyohiyo. Chama kitakachoamka Juni kitakuta sufuria limeshaoshwa. Barua iandikwe Januari, kwa Kiswahili, iende kwa halmashauri za pande zote mbili za mpaka kwa siku moja, iwe na mambo matatu tu: kifungu cha uzururaji kiondolewe katika sheria ndogo, na tarehe ya Desemba 4, 2020 itajwe, risiti ikubaliwe kuwa kitambulisho cha kushiriki, na nyumba moja ya kulala yenye stoo iingizwe kwenye bajeti ya stendi. Iambatanishwe na nakala za risiti za ushuru za wanachama wote kwa mwaka mzima, zijumlishwe, na jumla iandikwe juu kabisa kwa tarakimu kubwa. Na siku ya kuipeleka, waende pamoja na kijana mmoja wa makuli na mama wa chai, wakae mstari wa mbele, kisha waulizwe wao kwanza.